Mtu wa Kuulizwa

Wenzangu wa kituo waliniomba niwaandikie mambo machache ya kazi kabla sijayasahau. Walipotamka neno hilo, kusahau, kila mtu alicheka, na mimi nikacheka nao, maana kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kubisha milango ya wazee wa Kawangware na Kibera, hapa Nairobi, na kupima wanasahau kiasi gani. Sitaandika jinsi nilivyopandishwa cheo. Nilipandishwa mara chache na hakuna aliyeona tofauti. Nitaandika yale ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia nilipoanza.

Nilianza kama muuguzi wa wodi. Mwanamume akiwa muuguzi, wagonjwa humwita daktari asubuhi, na jioni wanamuuliza sista ameenda wapi. Nilipohamishiwa kituo cha wazee, kile kilicho karibu na Nyayo Highrise, nilidhani nimepumzishwa. Siku ya kwanza nilipewa begi lenye penseli, karatasi nyeupe na maswali yaliyopigwa chapa. Leo ni siku gani? Hapa tulipo panaitwaje? Nitakutajia maneno matatu, uyashike, nitakuuliza baadaye. Chora uso wa saa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kawangware, kwa mzee mmoja fundi wa viatu. Tulienda na Sista Agripina, mama mnene wa makamo aliyefanya kazi hii kabla yangu na ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu. Mzee alikosa karibu kila kitu. Saa aliyochora ilifanana na kiazi. Nilikuwa nishaanza kufunga begi Sista aliposema, "Ngoja kwanza." Akamgeukia mzee. "Baba, penseli umewahi kuishika?"

"Ya nini?" mzee akauliza.

Sista akatoa kwenye mkoba wake kisanduku cha miwani ya kusomea, akamjaribisha moja baada ya nyingine mpaka mzee akashtuka na kutuangalia kana kwamba ndiyo kwanza tumeingia. Halafu akamwambia atueleze kwa mdomo jinsi ya kubadilisha soli ya kiatu, hatua kwa hatua. Mzee akaeleza mpaka chai ikapoa. Hakuwa na ugonjwa wowote wa akili. Alikuwa na macho mabovu na hakuwahi kwenda shule.

Tulipotoka, Sista aliniambia maneno ambayo nimeyarudia kwenu mpaka mkachoka. Ukiingia kwa mtu mzee, keti kwanza, usifungue begi. Omba redio izimwe. Angalia masikio, maana nusu ya wanaosahau hawakusikia. Beba miwani. Na chai ukipewa, kunywa, kwa sababu mtu anavyokutengenezea chai ni mtihani mkubwa kuliko wote ulionao.

Baada ya mwaka mmoja hivi niligundua jambo lililonitatiza zaidi ya hayo. Tulikuwa tunatumia vigezo viwili. Vigezo vya kwanza vilikuwa vikali: ili mtu ahesabiwe kuwa ana dimenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilikuwa lazima kumbukumbu yake iwe imeharibika, uwezo mwingine mmoja pia uwe umeharibika, na maisha yake ya kila siku yawe yamevurugika, na awepo mtu wa kusema hivyo. Vigezo vya pili vilikuwa na mkono mwepesi. Vilichukua majibu ya mzee, vikayapunguzia makali kwa ajili ya wale ambao hawakusoma, vikayachanganya na maelezo ya mtu anayemjua, na kumshika mgonjwa mapema, kabla hajaanza kuacha jiko likiwaka.

Wazee walikuwa walewale, katika vyumba vilevile. Lakini ukitumia vigezo vya kwanza, wagonjwa walikuwa wachache, na ukitumia vya pili, wanaongezeka. Wageni wakija kituoni kuuliza ni wazee wangapi wa Kibera wenye ugonjwa huu, Daktari Muthoni, mkuu wetu, alikuwa akiwaambia, "Kwanza tukubaliane ugonjwa ni nini." Wageni hawakulipenda jibu hilo. Waliandika hata hivyo.

Msidhani hayo yalikuwa mabishano ya ofisini tu. Aliyehesabiwa kwa vigezo vya kwanza ndiye aliyepata mhudumu wa kumtembelea nyumbani, kumwogesha na kumkumbusha dawa. Wafadhili walitaka wale walioumwa waziwazi. Wengine tuliwaandika tu, tukawaaga.

Sasa niwaambie habari ya Mama Auma.

Alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo kule Kibera, kwenye ule mstari wa akina mama wanaotandika magunia kando ya njia. Alikuwa mjane, akiishi peke yake chumba cha mabati si mbali na hapo. Binti yake mmoja alikuwa Uarabuni akifanya kazi za ndani, na mwana wake wa kiume alikuwa nyumbani Alego na mkewe. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akaniwekea chai. Aliiweka sukari, tukaongea, akaiweka sukari tena. Tukaongea kidogo, akainuka kuchukua kopo la sukari.

Niliinywa. Sista Agripina alinifundisha hivyo.

Maneno matatu hayakukaa kichwani mwake hata kidogo. Siku ya wiki aliikwepa kwa ujanja. "Wewe mtu wa ofisi hujui leo ni siku gani?" akaniambia, na tukacheka wote. Wagonjwa wengi hufanya hivyo. Wanafunika shimo kwa kicheko, na ukicheka sana unapita juu yake bila kuliona.

Nikafika kwenye sehemu ya mtu wa kuulizwa. "Mama, ni nani anakujua vizuri tunayeweza kuongea naye? Mtu anayekuona kila siku."

Akafikiri. Aliangalia mlangoni, akaangalia kitandani. "Mungu," akasema.

Nilirudi kituoni na faili isiyokwenda popote. Bila mtu wa kueleza alivyokuwa zamani na alivyo sasa, vigezo vyote viwili vilikwama. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa mzima. Kulikuwa na wengine kama yeye, na nilianza kuona wanavyofanana: wote walikuwa watu wanaofunga mlango wenyewe jioni na kuufungua wenyewe asubuhi. Mtu mwenye watoto sita ndani ya nyumba akiweka sukari mara tatu, wote sita watakuja kushtaki. Aliye peke yake anakunywa chai yake tamu, basi.

Nilimwambia Daktari Muthoni. "Tafuta mtu," akasema. "Hakuna mtu Kibera ambaye hakuna anayemwona."

Nikazunguka. Wakala wa mwenye plot alimjua kwa kodi tu. Kanisani walisema ni mama mcha Mungu, na siku hizi haji sana. Jirani wa upande wa pili wa bati alikuwa amehamia juzi. Mwishoni nikaenda pale anapouzia. Kando yake, gunia kwa gunia, alikaa mwanamke mwingine wa omena, mrefu, mkavu, mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Aliitwa Atieno.

"Mama, samahani. Unamjua Mama Auma?"

"Mimi na huyo hatuongeangi," akasema bila kuinua macho.

"Tangu lini?"

"Tangu azike bwana yake. Alienda nyumbani matanga, akakaa huko. Hapo alipokuwa anauzia kulikuwa na kivuli cha hiyo nyumba. Mimi nikahamia. Aliporudi akanitukana mbele ya watu. Nikamwambia kivuli hakina hati ya mtu."

Wakati huo Mama Auma hakuwapo, alikuwa ameenda msalani. Niliona kwamba gunia lake ndilo lililokuwa kivulini. La Atieno lilikuwa juani.

"Lakini sasa yeye ndiye yuko kwa kivuli," nikasema.

Atieno akawa anachagua mawe madogo kwenye omena yake. Wateja wawili walikuja wakaenda. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa aliposema, "Wewe ni daktari?"

"Ni muuguzi."

"Huyo mama anaumwa."

"Umejuaje?"

"Asubuhi moja alifika, akatandika gunia, akaniangalia. Akaniambia, 'Oyawore, nyamera.' Umeamkaje, dada yangu. Miaka hiyo yote hajanisalimia, hata kwa mazishi ya mtu. Nikafikiri ananicheka. Nikamwangalia macho. Hakuwa ananicheka. Alikuwa amesahau tuligombana." Akatupa jiwe dogo njiani. "Niliogopa sana siku hiyo. Kesho yake nikafika mapema, nikatoa vitu vyangu kwa kivuli. Nikamwachia. Akaketi tu, kama mtu amefika kwake. Hakujua hata kama nimemrudishia."

Niliketi juu ya mtungi uliopinduliwa na kumuuliza maswali yote. Alijua kila kitu. Alijua Mama Auma alianza lini kupimia mteja mmoja kopo mara mbili, na lini alianza kuchanganya omena ya juzi na ya leo, jambo ambalo zamani asingelifanya hata kwa adui. Adui ndiye aliyejua hilo. Mtu usiyeongea naye unamtazama sana, kwa sababu huna kazi nyingine ya kufanya naye.

Nilipeleka maelezo hayo kwenye kikao chetu, nikidhani nimemaliza. Ndipo ubishi ulipoanza. Mmoja alisema mtu wa kuulizwa ni jamaa au mtu wa karibu, na huyu ni hasimu, atamsingizia. Daktari Muthoni akasema kama mtu anakaa mkono mmoja kutoka kwako toka asubuhi mpaka jioni, huyo ni wa karibu, awe anakupenda au hakupendi. Tukakubaliana hapo. Kwa vigezo vya pili, Mama Auma alikuwa na ugonjwa.

Kwa vigezo vya kwanza hakuwa nao. Kikwazo kilikuwa swali la maisha ya kila siku: je, bado anaweza kufanya kazi yake? Jibu lilikuwa ndiyo. Anaamka, anafungua, anauza, anarudi nyumbani.

Nikarudi kwa Atieno nikamuuliza swali hilo tena kwa namna nyingine. "Anauzaje, ikiwa anapima vibaya?"

Aliona haya, kama mtu aliyefumaniwa. "Nikiona amepima mara mbili naita mteja, narudisha. Jioni namwambia twende, ananifuata. Sasa nitafanya nini? Nimwache apotee?"

Nilieleza hayo kikaoni. Daktari Muthoni alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo ambalo bado nalifikiria. Alisema vigezo vimeandikwa kumpima mtu mmoja, na hapa tunapima watu wawili walioshikana bila kujua. Hata hivyo karatasi ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mhudumu hakupatikana. Daktari aliandika barua kwa wafadhili kuomba, na barua ikajibiwa kwa upole mwingi.

Miezi ikapita. Mimi mwenyewe nilikuwa naishi Kawangware, kwenye flati, ghorofa ya tatu. Mke wangu Nora alikuwa ameshafariki wakati huo, na vijana wangu walikuwa na maisha yao, mmoja Eldoret na mwingine nje. Nilikuwa nikirudi jioni nawasha redio kabla ya taa. Nasema hivyo ili mjue kwa nini nilipitia Kisumu Ndogo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Nilinunua omena nyingi kuliko tumbo la mtu mmoja linavyoweza kula.

Halafu kaka yake Atieno akafa, naye akaenda nyumbani Seme kuzika.

Asubuhi aliyorudi alikuja sokoni moja kwa moja kutoka kwenye basi, na mzigo wake kichwani. Akakuta omena ya Mama Auma imetandikwa, kuku wanaila, na mwenyewe hayupo. Alinipigia simu akiwa anahema.

"Mama Auma ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Mama wa kuuza nyanya anasema amemuaga. Amesema anaenda kumpikia bwana yake."

"Bwana yake si alikufa?"

"Ndiyo nakuambia! Walipooana waliishi Kawangware, nyuma ya kanisa la matofali. Alikuwa ananiambia hiyo hadithi wakati tulikuwa marafiki. Nenda huko. Mimi natafuta huku."

Nilichukua pikipiki. Kanisa la matofali nililijua, lakini nyuma yake hapakuwa na vyumba vya mabati tena, palikuwa na jengo la ghorofa na kinyozi chini. Nje ya kinyozi, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi Mama Auma, viatu vimejaa vumbi, mikono imekunjwa mapajani. Kijana wa kinyozi alitoka na mashine mkononi.

"Mzae, huyu ni mathe wako? Amekam hapa akisema hii ni keja yake, ati ndiyo nyumbani. Nikaona nimpatie kiti."

Nilimshukuru. Niliketi kwenye ngazi, kando yake.

"Umemwona Yusufu?" akaniuliza.

"Leo sijamwona."

"Atatoka kazini saa hii, na sijapika."

"Ungepika nini?"

"Omena." Akaangalia mikono yake, akaigeuza. "Nimeiacha wapi?"

"Iko na Atieno."

"Atieno ni nani?"

"Ni jirani yako pale unapouzia."

Akafikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Ni mtu mzuri?"

Nilitaka kumweleza yote, kivuli na kopo na jioni zile za kufuatana. Lakini angebeba wapi maneno mengi hivyo? "Anakaa karibu na wewe," nikamwambia.

"Hiyo ni nzuri," akasema.

Tulirudi polepole. Atieno alitukuta njiani, akaanza kumgombeza kwa Kiluo kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, huku akimfuta vumbi usoni kwa pindo la leso. Alimkalisha chini, akamvua viatu, akamwosha miguu kwenye beseni la kuoshea omena. Mama Auma alimwachia miguu kama mtoto. Hakuuliza ni nani.

Baada ya siku ile alitimiza vigezo vyote, vya kwanza na vya pili. Maisha yake ya kila siku yalikuwa yamevurugika, na mashahidi walikuwa wengi. Ubongo wake haukuharibika wiki ile. Ila kwa karatasi zetu, ugonjwa wake ulianza siku Atieno alipopanda basi kwenda mazishini. Katika kazi hii mnayoirithi, naomba mlikumbuke hilo kila mnapoandika kwamba mzee fulani bado anajimudu. Ulizeni ni nani anayemsaidia kujimudu, na huyo naye akiondoka itakuwaje.

Hesabu ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kufungwa. Kwa hiyo katika ripoti ya vigezo vya pili Mama Auma yumo, na katika ile ya vigezo vya kwanza hayumo. Zote mbili zilipigwa muhuri. Mhudumu aliidhinishwa, lakini kabla hajaanza, mkaza mwana wa Mama Auma alikuja kutoka Alego kumchukua. Binti wa Uarabuni alipanga kila kitu kwa simu. Ulikuwa uamuzi mzuri; kule angekuwa na watu.

Atieno hakwenda kumuaga kwenye basi. Alisema ana wateja. Nilipita jioni nikamkuta bado juani, ingawa kivuli kilikuwa wazi, hakuna aliyekikalia.

"Si ungehamia," nikamwambia.

"Nimezoea hapa." Akakunja gunia lake, akalikunjua, akalikunja tena. "Sasa nitamnunia nani?"

Nilikaa naye mpaka wenzake walipoanza kufunga. Yeye hakuwa mtu wa kuongea, na mimi nilikuwa na maswali ya kazini tu, ambayo hayakufaa.

Nimestaafu sasa. Mlinifanyia sherehe nzuri, keki ilikuwa tamu, hotuba zilikuwa ndefu kidogo. Nilirudi nyumbani na saa ya ukutani mliyonipa, nikaitundika. Wiki za kwanza nililala, nikasoma magazeti, nikapanga makabati. Kisha ikaja siku nzima ambayo sikutoa sauti hata mara moja. Niligundua nilipojaribu kuimba wakati naosha kikombe, koo likakwama. Nilisimama pale jikoni nikafanya kazi niliyoizoea. Nilijiuliza maswali yote, moja baada ya jingine. Siku ya wiki niliijua. Maneno matatu niliyakumbuka. Nilipofika kwenye mtu wa kuulizwa, nilipitia majina. Nora hayupo. Vijana hupiga simu Jumapili, na kwenye simu mimi ni hodari. Hakuna aliyejua naweka sukari mara ngapi.

Nilivaa koti. Katika korido yetu kuna mlango unaotazamana na wangu. Nimeishi mbele yake miaka mingi nikiwasalimu watu wake kwa kichwa tu. Nikabisha. Mwanamke kijana akafungua kidogo, mnyororo ukiwa bado mlangoni, mikono yake imejaa povu la sabuni.

"Naam, mzee?"

"Naitwa Simiyu. Nakaa huo mlango."

"Najua, nakuonanga."

"Nimekuja tu, tujuane."

Aliniangalia juu mpaka chini, akaangalia mlango wangu nyuma yangu uliokuwa wazi. Uso wake ulianza kuingia wasiwasi. "Kuna shida, mzee?"

"Hapana," nikamwambia. "Bado."

Alifuta mikono kwenye nguo yake, akatoa mnyororo, akaniambia nipite kando ya ukuta kwa sababu ndiyo kwanza ametoka kupiga deki.